Nirudishie Maneno

Mfamasia hakupenda kuitwa daktari. Mtu akimwita hivyo pale dirishani, alimwonyesha kwa kidole mlango wa daktari, akamngoja ajirudi. Watu wa Kamembe, mji wetu wa mpakani, walimwita Papa Farmasia. Sisi tuliojifunza chini yake tulimwita Mzee mbele yake, na tukiwa peke yetu tulimwita Nirudishie, kwa sababu ya neno lake ambalo nitalieleza. Katika miaka yake yote alifundisha watu sita au saba. Ni mimi peke yangu ambaye alikataa kunitilia sahihi.

Sijui alizaliwa wapi wala ni mtoto wa nani, na sitajifanya kujua. Miaka ile, baada ya mauaji ya Rwanda, vita vya ng'ambo ya Kongo vikiwa bado vinawaka, watu hawakuulizana walikotoka. Ulimkuta mtu kazini, ukafanya naye kazi, basi. Mimi mwenyewe nilizaliwa Bukavu, binti wa wazazi Wanyarwanda, nikasomea dawa hukohuko Kongo, kisha nikarudi katika nchi ambayo nilikuwa nimeiona kutoka ng'ambo ya mto tu. Nilikuja na diploma yangu ndani ya mfuko wa plastiki na kiburi cha kuwatosha watu wawili.

Huduma aliyoisimamia iliandikwa kwa Kifaransa juu ya mlango, "ambulatoire", lakini yeye alisema ni ya wagonjwa wa kutembea. Ndio watu wa presha, wa sukari, wa kifafa, wa pumu, na akina mama wenye watoto wa homa: wanakuja kwa miguu, wanachukua dawa, wanaondoka kwa miguu. Staji yake ilikuwa hivi. Mfamasia aliyekwisha kumaliza chuo anakaa naye miaka miwili akijifunza kumtunza mgonjwa asiyelala hospitali. Mwishoni anapata cheti chenye sahihi ya Mfamasia, na kwa cheti hicho anaweza kukabidhiwa dirisha lake mwenyewe. Wengi waliona ni kupoteza wakati, maana wafamasia walikuwa wachache na mwenye diploma angeweza kufungua duka lake kesho yake. Nami niliona hivyohivyo, nikamwuliza siku ya kwanza kwa nini miaka miwili mizima. Alinijibu huku anapangusa meza.

"Mugonjwa wa kitanda unamuonaka kila asubuyi. Ukikosa, kosa yako iko pale, unaiona. Wa kutembea anabeba kosa yako, anaenda nayo kwake."

Mwezi wa kwanza sikushika hata kidonge kimoja. Alinikalisha kwenye benchi la wagonjwa, bila koti jeupe, nisikilize watu wanavyosema kabla hawajafika dirishani na wanavyosema wakishatoka. Mwezi wa pili akanituma kuwasindikiza makwao. Mimi na diploma yangu nikapanda milima ya Mururu nyuma ya vikongwe, nikashuka mashamba ya ndizi ya Gashonga nikiwa nimevua viatu. Nilimkuta mama mmoja anaweka dawa ya presha ndani ya chungu cha chumvi ili panya wasiifikie. Nilimkuta mzee mwingine anagawana vidonge vyake na mkewe, nusu kwa nusu, kwa sababu tangu waoane hawajawahi kula kitu bila kugawana. Niliporudi na habari hizo nikicheka, Mfamasia hakucheka. Aliniuliza nyumba ina milango mingapi, maji yanatoka wapi, nani anaamka wa kwanza. Nikawa sijui, akanirudisha Mururu siku hiyohiyo.

Sasa lile neno lake. Mgonjwa alipokwisha kuelezwa dawa yake, Mfamasia hakumpa. Aliishika mkononi, akasema: "Unirudishie maneno." Ilibidi mgonjwa aseme kwa mdomo wake atakunywa nini, ngapi, na lini. Akikosea, Mfamasia alianza upya kwa sauti ileile, hata mara tano, na foleni ikinung'unika mpaka barabarani. Siku moja alikuja mwanajeshi mwenye cheo, akasema yeye si mtoto wa shule. Mfamasia alirudisha chupa kabatini, akamwita anayefuata. Yule bwana alisimama pembeni akiwa amenuna, wakapita watu wanne, kisha akasogea tena na kurudisha maneno yote kwa sauti ya chini kama anayeungama. Tulimcheka baadaye, lakini dawa yake aliimaliza.

Jambo jingine ni saa. Mbele ya dirisha lile neno "saa" lilipigwa marufuku. Ilisemwa: jua likitoka, jua likikaa katikati, mbele ya kulala, yaani kabla ya kulala. Ulimi ukinitereza, aligonga meza mara moja kwa kijiko cha kuhesabia vidonge, nami nikarudia sentensi yangu kwa jua. Muuguzi mmoja alileta saa ya ukutani akaitundika. Mfamasia aliitungua kabla hajavaa koti, akaipeleka kwa daktari. Sababu hakuisema. Nilidhani ni tabia tu za uzee, na moyoni nikawa namwonea huruma kidogo, msomi mimi.

Nisimfanye mtakatifu. Aliwafokea watu walionunua dawa rejareja karibu na daraja la mpakani, na yeye mwenyewe alinunua sigara moja moja palepale. Aliimba besi kanisani, ila mahubiri yakianza alitoka nje. Kwa sisi wanafunzi alikuwa mkali kama pilipili, lakini mlevi mmoja aliyekuja kila Jumatatu na kichwa kinamuuma alipewa kiti, uji, na muda. Kubwa kuliko yote, alikuwa na presha. Aliwapima watu wote wa milima hii, na yeye akipimwa ni kwa kulazimishwa na daktari. Vidonge vyake vilikaa mfukoni mwa koti mpaka koti likafuliwa navyo. Nilipomwambia siku moja kwamba hata yeye ni mgonjwa wa kutembea, alijibu kwamba hakuna aliyebaki wa kumrudishia maneno. Nikachukulia ni mzaha.

Daraja hilo la Rusizi ya Pili, la kuvukia kwenda Bukavu, ndilo lililomtesa. Likifungwa, wagonjwa wetu wa Bukavu hawakuonekana, na siku nyingine tulisikia risasi ng'ambo huku tunahesabu vidonge. Alisimama dirishani akitazama upande ule na kusema peke yake. Yule wa kifafa wa Nguba amebakiza siku tatu. Yule mama wa sukari alimaliza jana. Alijua kila mtu amebakiza nini, na hakuna alichoweza kufanya. Siku hizo haikufaa kumsemesha.

Kosa langu lilitokea siku daraja lilipofunguliwa baada ya kufungwa wiki nzima. Mfamasia alikuwa ameitwa Kigali kwa mkutano. Ilikuwa imebaki miezi miwili nimalize staji yangu, akaniachia dirisha kwa mara ya kwanza. Watu walivuka kama siafu. Katika foleni hiyo alikuwemo Fundi Ramazani, mshonaji wa hapahapa Kamembe mwenye cherehani yake kwenye baraza karibu na msikiti, mtu ninayemfahamu, ndiye aliyenishonea koti langu jeupe. Binti yake wa miaka minne, Aziza, alikuwa na homa na kifua, na daktari alikuwa ameandika dawa ya maji. Nyuma yake watu walikuwa wanasukumana. Nikamwambia kijiko kimoja, kila saa nane, kwa siku saba. Akasema sawa, mademazeli. Nikampa chupa. Sikumwomba anirudishie.

Msomaji mwenye Kiswahili chake ameshaona. Kifaransa nilichosomea kinasema kila baada ya masaa manane, yaani mara tatu kwa siku. Kiswahili chetu saa nane ni saa nane, mchana, watu wa msikiti wakiwa wametoka kusali adhuhuri. Mimi nilisema kitu kimoja, Fundi akasikia kingine, na wote wawili tulikuwa sahihi.

Siku ya tano alirudi na mtoto mgongoni kwa mkewe. Chupa ilikuwa imepungua kidogo tu. Niliitazama ile chupa nikajua kabla hajafungua mdomo.

"Sikukosaka hata siku moya, mademazeli," aliniambia. "Kila saa nane, nikitoka musikiti, na mukono yangu."

Mtoto alilazwa siku hiyohiyo. Siku ya pili yake akafa.

Mfamasia aliporudi kutoka Kigali nilimweleza yote nikiwa nimesimama. Nilitaka anitukane. Hakunitukana. Alivua koti lake, akalitundika, akasema twende. Tulikwenda kwa miguu mpaka msibani. Wanawake walikuwa wameketi kwenye mikeka uani, wanaume nje. Alinisimamisha kati ya watu wale na kuniambia niseme. Nikasema. Nilisema ni mimi niliyempa Fundi neno lenye mlango wa pili, na kwamba yeye alifanya kama alivyoambiwa. Fundi Ramazani alilia, akasema Mungu njo alimupa, Mungu njo amemukamata. Alinisamehe palepale mbele ya watu, na msamaha ule uliniuma kuliko kama angenipiga. Mkewe, Mama Aziza, alinitazama mpaka nilipomaliza, akainuka, akaingia ndani, akateremsha pazia la mlango. Lile pazia ninaliona mpaka leo.

Tukirudi, Mfamasia alisimama mahali ambapo barabara inapinda na daraja linaonekana kule chini. Nilifikiri amechoka. Akaanza kunieleza habari ya mke wake, ambaye sikujua kwamba aliwahi kuwapo. Alikuwa na malaria. Mfamasia alimpa kwinini, akaandika kwenye pakiti maelezo kwa mkono wake, akamwachia mama mkwe, kisha akavuka kwenda Bukavu asubuhi moja kutafuta dawa nyingine. Siku ileile vita vikaanza kule na daraja likafungwa. Alirudi siku ya tano, mkewe ameshakufa.

"Niliandika kila saa nane," alisema. "Mama mukwe anajua kusoma. Alimupatia kila siku, saa nane juu ya saa nane. Hakukosa."

Akaongeza kwamba kosa la Aziza ni letu sote wawili. Alinikataza neno miaka karibu miwili bila kuniambia sababu, kwa kuwa aliona haya. Mtu anayefundisha kwa haya, alisema, anafundisha nusu. Kisha akatembea mbele yangu mpaka kazini, na hakuigusia tena habari ya mkewe.

Miezi miwili ikaisha. Nilimpelekea cheti changu kimeshaandikwa kila kitu, pamebaki mahali pake tu. Alikisoma chote polepole, akafunika kalamu.

"Siku mama wa ule mutoto atakuja dirisha, akamate dawa kwenye mukono yako, nitatia sinyatire. Mbele ya ile siku, hapana. Usimuite. Usimutumie muntu."

Niliondoka nimeghadhibika. Nilisema kwa wenzangu kwamba mzee ananiadhibu kwa dhambi yake mwenyewe, na sikukosea kabisa. Wengine walipata sahihi zao wakaenda Kigali. Mama yangu aliniambia nimelogwa, mfamasia mzima nakaa miaka kama msaidizi. Ningeweza kuondoka. Sikuondoka, na nikiulizwa kwa nini nasema ni ukaidi, lakini ukweli ni kwamba nilitaka kumwona yule mama mbele yangu.

Naye alikuja, si kwamba hakuja. Baada ya msiba ule alishikwa na presha, akawa mgonjwa wetu wa kila mwezi. Akifika na kukuta ni mimi dirishani, alijitoa kwenye foleni, akakaa benchini, akawapisha watu wote wapite mpaka Mfamasia arudi. Siku nyingine alikaa asubuhi nzima. Mimi nilihudumia wengine nikijua yuko pale, na Mfamasia alimwona. Kwa wagonjwa wengine nikawa mkali kuliko yeye. Nilirudishiwa maneno hata na wauguzi. Kule Bukavu vita vilikwisha kwa jina, vikaanza tena, daraja likafunguliwa na kufungwa, na yule mama akaendelea kukaa benchini.

Mfamasia alistaafu, akaenda kukaa kwa mpwa wake Mururu. Mahali pake akaja kijana mwenye diploma mpya, ambaye Mzee alikwisha kumtilia sahihi, ndiye akawa mkubwa wangu. Mama Aziza akawa anachukua dawa zake kwa kijana huyo. Mara mbili nilikutana na Mzee sokoni, amebeba kabichi, sigara sikioni. Mara zote mbili aliniuliza swali moja tu, kama amekuja, na mara zote mbili nilimjibu bado. Alitikisa kichwa akaenda zake. Kisha tukasikia kwamba presha imempiga, upande wa kulia umekufa, na maneno yanatoka kwa shida. Sikushangaa, nilikasirika. Nililia kwa hasira ndani ya stoo ya dawa, mtu aliyewapigania watu wote na kujiacha yeye.

Haikupita miezi mingi. Asubuhi moja Mama Aziza aliingia. Yule kijana alikuwa dirishani, yuko huru, hana mtu mbele yake, amekwisha kunyoosha mkono apokee karatasi. Mama Aziza akampita. Akaja upande wangu wa dirisha, akaweka karatasi yake mbele yangu. Alikuwa amezeeka. Nilichukua vidonge, nikamweleza. Jua likitoka, kimoja. Mbele ya kulala, kimoja. Nikavuta pumzi nimwombe anirudishie, akanitangulia. Akarudisha yote, neno kwa neno, akinitazama usoni kama siku ile kabla ya kuteremsha pazia. Kisha akanyoosha mkono.

"Na hamuna saa ndani," alisema.

Nilimwambia hamna. Akachukua dawa kwenye mkono wangu, akaifunga kwenye ncha ya kitenge, akaenda.

Niliomba ruhusa, nikakitoa cheti kwenye mfuko wangu wa plastiki, nikaenda Mururu kwa miguu. Nilimkuta amekalishwa kwenye kiti mlangoni, blanketi magotini, anatazama upande wa mto. Mpwa wake alinivuta pembeni kuniambia kwamba dawa hataki. Akipewa anaitema, ama anafunga mdomo. Ya asubuhi ile alikuwa ameikataa pia. Nikamwendea, nikachuchumaa mbele yake, nikamwambia Mama Aziza amekuja.

Mdomo wake ulikuwa umeinama upande mmoja, na neno lilichukua muda kutoka.

"Alirudisha?"

"Alirudisha, Mzee. Mbele nimuombe."

Akafumba macho. Nilidhani amelala. Alipoyafumbua alitazama mfuko wangu, nikatoa cheti, nikakiweka juu ya goti lake na kalamu juu yake. Mkono wa kulia haukusogea. Ulikuwa umelala pale kama kitu alichoachiwa na mtu mwingine amshikie. Akaichukua kalamu kwa mkono wa kushoto, akaweka ncha kwenye karatasi, ikakwaruza kidogo na kuanguka. Niliiokota. Akajaribu tena, ikaanguka tena, na safari hii alitikisa kichwa nisiiokote. Machozi yalikuwa yanamtoka jicho moja. Nilikunja karatasi, nikamwambia haidhuru, nami nilikuwa nasema uongo, ilinidhuru sana.

Kisha akanyoosha kidole kwa mpwa wake, kwenye kopo la dawa. Mpwa akafurahi, akatoa kidonge, akakisogeza mdomoni kwake. Mfamasia akageuza uso. Akanyoosha kidole kwangu.

Nikaweka kile kidonge kwenye kiganja changu. Nikamweleza kama ninavyomweleza mtu yeyote, maana hakutaka nimbembeleze.

"Mzee, hii ni ya presha. Jua likitoka, moya. Mbele ya kulala, moya. Unirudishie maneno."

Alianza. Neno la kwanza lilikataa, akaliacha, akalirudia. Mpwa wake alitaka kumsaidia, nikamzuia. Jua. Likitoka. Moya. Akapumzika, tukamngoja. Akaendelea mpaka mwisho, hakukosa hata moja, ndipo akakichukua kidonge kwenye kiganja changu kwa mkono wake mzima, akakimeza na maji, polepole, huku ananitazama.

Cheti kiko kwangu mpaka leo. Mahali pa sahihi pana mkwaruzo tu. Kesho yake, jua lilipotoka, nilikuwa mlangoni pake.